Hanami maana yake nini?

Hanami ni maneno mawili ya Kijapani yaliyoshikana: hana, yaani ua, na mi, kutazama. Ukiishia kwenye tafsiri hiyo utadhani Wajapani husimama chini ya mti wakakodoa macho juu. Wapo wanaofanya hivyo, simu mkononi, lakini hanami hasa ni kukaa. Watu hutandika turubai chini ya miti ya sakura, yaani micheri ya Kijapani, wakavua viatu kama wanaoingia sebuleni, wakala na kunywa pamoja.

Katika bustani ya Ueno, Tokyo, mengi ya maturubai hayo ni ya buluu, na hutandikwa asubuhi kwa shughuli ya jioni. Kushika nafasi huitwa bashotori, na maofisini kazi hiyo kwa desturi humwangukia mdogo wao. Basi utamkuta kijana wa suti amekaa peke yake katikati ya turubai la kutosha watu ishirini, kola kaipandisha kwa sababu mwishoni mwa Machi baridi bado inang'ata, akisubiri wakubwa watoke kazini.

Haraka yote hiyo ni ya nini? Sakura iliyojaa mijini ni aina ya Somei Yoshino, ambayo huzalishwa kwa kubebesha, si kwa mbegu. Ni kama mti mmoja uliorudiwa mara maelfu, kwa hiyo mtaa mzima huchanua pamoja na kupukutika pamoja, na maua yakishakolea hayadumu sana zaidi ya wiki. Mvua ya usiku mmoja yenye upepo inatosha kuharibu mipango ya ofisi nzima.

Ndiyo maana Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ina mti wake wa kupimia Tokyo, katika hekalu la Yasukuni. Yakifunguka maua matano au sita, inatangaza kwamba sakura imechanua, na taarifa ya habari huibeba. Yakifika asilimia 80, hiyo ni mankai, kuchanua kikamilifu, na hapo ndipo bustani hujaa hadi usiku.

Zamani hanami ilikuwa starehe ya makasri. Katika karne ya 18 shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune alipanda sakura kilimani Asukayama, Tokyo ya leo, watu wa kawaida nao wakapata pa kutandika.

Kuna msemo wao, hana yori dango: heri dango kuliko maua. Dango ni vidonge vya unga wa mchele vilivyotungwa kijitini kama mishikaki. Vya msimu huu huwa vya waridi, vyeupe na kijani. Hutaniwa nao aliyefuata chakula tu, na nikiwaangalia walio kwenye maturubai, naona ni wengi.

Maua yakianza kumwagika kwa upepo, huitwa hanafubuki, tufani ya maua. Kwenye mto Meguro huelea yameshikamana kama mkeka wa waridi, na huko Ueno mengine hutua ndani ya bilauri za watu, wakanywa hivyo hivyo.