Shingo Iliyoshtuka Haijateguka

Jumatatu jioni daladala aliyopanda kijana wa jirani yangu ilisimama kwenye taa, pikapu ikaigonga kwa nyuma. Haikuwa ajali ya kutisha. Abiria walishuka, wakapanda nyingine. Kulipokucha hakuweza kugeuza kichwa. Ukimwita, aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno. Kabla ya saa nne asubuhi watu watatu walikuwa wameshatoa jibu lilelile: shingo imeteguka, apelekwe ikarudishwe.

Kilichompata ni hiki. Gari likigongwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele ghafla, lakini kichwa, chenye uzito wa kilo 4 hadi 5, huchelewa kufuata. Shingo hujipinda kama herufi S, kichwa hutupwa nyuma, kisha mbele. Misuli na kano huvutika, nyuzi nyingine huchanika. Maumivu mara nyingi huanza baada ya saa kadhaa, au kesho yake.

Sasa neno lenyewe. Kutega ni kuweka kitu tayari mahali pake: mtego, kitendawili. Kutegua ni kukiondoa katika hali hiyo. Ile -u- ya katikati ndiyo inayopindua maana, kama ziba na zibua, funga na fungua. Kiungo kilichoteguka, basi, ni kiungo kilichotoka mahali pake. Bega huteguka, na ukiliangalia unaliona limeporomoka. Pingili ya shingo ikitoka mahali pake ni balaa kubwa, kwa sababu ndani yake mnapita shina la fahamu la mwili mzima. Mtu huyo hatembei sokoni akiuliza nani atamnyoosha.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu neno teguka lina agizo ndani yake: kilichotoka kirudishwe. Ndiyo maana mgonjwa huketishwa kwenye kiti cha kinyozi, akashikwa kidevu na kisogo, kichwa kikazungushwa mpaka kikalia ka! Mlio ule huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba mfupa umerudi. Haukurudi, kwa kuwa haukutoka. Ni gesi tu ndani ya ute wa kiungo. Kano zilizochanika zimepindwa upya. Mishipa ya damu inayopanda ubongoni nayo hupita katika pingili hizohizo, na wapo waliopata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu.

Hata wenye Kiingereza neno lao, "whiplash", liliwapotosha. Mwaka 1928, huko San Francisco, daktari wa mifupa Harold Crowe alieleza habari za wagonjwa 8 walioumia shingo katika ajali za magari, akaufananisha mwendo wa shingo zao na pigo la mjeledi. Alitaja mwendo tu. Madaktari, wagonjwa na mawakili wakaligeuza kuwa jina la ugonjwa, naye miaka mingi baadaye akaeleza kwamba hakukusudia hivyo. Kulitafsiri sisi kuwa "jeraha la mjeledi" ni kumfanya msikilizaji adhani mtu amechapwa. Tunalo letu: kushtuka. Mtu husema "nimeshtua mguu" na hakuna anayedhani mfupa umehama.

Kile kiegemeo cha kichwa kwenye gari nacho wengi hukiita mto, wakakishusha hadi chini. Hakikuwekwa kwa ajili ya usingizi. Kazi yake ni kukidaka kichwa kabla hakijatupwa nyuma. Ncha yake ya juu ifike usawa wa utosi, au angalau ipite masikio, na kisogo kiwe karibu nacho, pengo la vidole vitatu au vinne. Kikiishia shingoni, shingo hupindwa juu yake. Viti vingi vya daladala huishia mabegani, abiria hana la kurekebisha. Hapo kinga imebaki mikononi mwa dereva wa nyuma, aache nafasi.

Kijana alikwenda hospitali. Daktari alimpima nguvu za mikono, akamuuliza kama vidole vina ganzi. Ganzi, mkono kulegea au maumivu makali katikati ya uti wa shingo ni dalili za kwenda haraka, shingo ikiwa imetulizwa. Hakuwa nazo. Aliambiwa ameze dawa ya maumivu na aigeuze shingo taratibu kila siku, asiifunge wiki nzima.

Mama yake bado aliniuliza jioni, ni nani mzuri wa kuirudisha. Nikamwambia: haijateguka, mama. Imeshtuka.