Visahani vya msasa vya kukatia vifuu

Kazi yangu ni hereni, vifungo na vibanio vya nywele vya kifuu cha nazi, na fundi anayeanza huniuliza kwanza ninakatia nini. Ninakatia karatasi ya msasa, ninayoitengeneza mwenyewe iwe kisahani cha mashine ndogo ya mkono. Visahani vyembamba vya dukani vilivyotengenezwa kwa ajili ya kukatia chuma huunguza kifuu, huacha ukingo mweusi, na ukivipindisha kidogo tu huvunjika.

Kinachokata ni chembe za msasa. Karatasi inazibeba tu. Inapozunguka kwa kasi, kila sehemu yake huvutwa kuelekea nje, na mvuto huo huikaza isimame wima. Kisahani chenye upana wa milimita 30 kikizunguka mara 15,000 kwa dakika, ukingo wake hupita karibu mita 23.5 kwa sekunde, yaani kama kilomita 85 kwa saa. Ukiongeza kasi maradufu, mvuto huwa mara nne. Ndiyo maana kasi ikiwa ndogo mno kisahani huyumba, na ikizidi huchanika. Mimi huanzia chini, napandisha polepole hadi kitulie, kisha siongezi.

Nunua msasa mweusi wa maji, namba 120 au 180. Namba 80 huchimba na kung'oa nyuzi za kifuu. 240 hukata polepole hadi moto ukapanda. Karatasi moja ya kawaida, milimita 230 kwa 280, ikikunjwa katikati mara moja hutoa visahani 28 vya upana huo. Ikunje mgongo kwa mgongo, chembe zikiangalia nje pande zote mbili.

Kwenye gundi ndipo wengi wanapokosea. Mgongo wa msasa wa maji umetiwa dawa ya kukataa maji, hivyo gundi nyeupe ya mbao haiushiki vizuri. Ukwaruze kwanza kwa kipande kingine cha msasa, kisha tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Itandaze kwa kipande cha kadi, iwe nyembamba kabisa, kwa sababu gundi iliyorundikana upande mmoja hufanya kisahani kipige, yaani kiyumbe kikizunguka. Ibane karatasi iliyokunjwa kati ya mbao mbili zilizofunikwa nailoni, weka mzigo juu, uache hadi asubuhi.

Chora miduara kwa bikari na utoboe tundu la katikati kwanza, pale ilipochoma sindano ya bikari, kabla hujakata mzunguko. Ukikata mduara kwanza kisha ukaanza kutafuta katikati, hutaipata sawasawa. Tundu lilingane na skrubu ya mhimili, yaani kijiti cha chuma kinachoshika kisahani kwenye mashine, lisilegee. Tumia mkasi wa zamani, kwa kuwa msasa unaua makali. Funga kisahani kati ya washa mbili (vile vipete bapa vinavyowekwa kwenye skrubu), zungusha taratibu, na ugusishe ukingo kwenye tupa hadi uzunguke bila kupiga.

Jaribio la kwanza lifanye ukiwa umevaa miwani ya kinga, uso ukiwa pembeni, kamwe si mbele ya ukingo wa kisahani. Usikitumie kwenye chuma. Kifuu kifunge kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania kazi, usikishike kwa vidole. Gusa, ondoa, gusa tena, kisahani kikiwa wima ndani ya mkato. Ukikikunja humo kitabanwa na kuraruka. Moshi ukianza, pumzisha, kwa sababu joto hulegeza gundi. Na barakoa ni lazima. Vumbi la kifuu ni laini sana na huingia kifuani, na ukikata mpingo ni hatari zaidi, kwani vumbi lake huwasha ngozi na koo.

Washa zangu zina upana wa milimita 10, kwa hiyo kisahani kipya kinaweza kuzama milimita 10, zaidi ya unene wa kifuu chochote nilichokipasua. Kikilika hadi milimita 20 kinabaki na kina cha milimita 5 tu. Hapo sikitupi. Nakiweka kwenye kopo la vidogo, kwa sababu ndicho kinachofika kwenye kona za ndani za umbo la nyota au jani, ambako kikubwa hupitiliza mstari.