Ekari Tano za Bei ya Kutupa

Ukiuliza kama kaunti fulani ya mashambani Marekani inafaa kuhamia, kujenga nyumba, kufuga na kulima chakula chako mwenyewe, washauri hutawakosa. Shida ni kwamba wengi wao wana kiwanja cha kuuza. Ndiyo maana maneno yaleyale yanazunguka mwaka hadi mwaka. Mfano wangu hapa utakuwa Kaunti ya Costilla, kusini mwa Colorado, maana viwanja vya ekari tano tano vimeuzwa huko kwa miaka mingi kwa bei ya kutupa, na wanunuzi wengine hawakuwahi kuikanyaga ardhi yenyewe.

"Serikali bado inagawa ardhi bure kwa mwenye nia ya kulima." Haigawi. Sheria ya homestead, yaani makazi ya shambani, aliyoisaini Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 ilimpa mtu hadi ekari 160 akijenga, akakaa na kulima kwa miaka 5. Ilifutwa mwaka 1976, Alaska ikaongezewa muda hadi 1986, basi. Kinachochanganya ni kwamba neno lilelile, homestead, leo hutumika katika majimbo kama Texas na Florida kwa nafuu ya kodi ya nyumba unayoishi. Ipo pia miji midogo, hasa Kansas, iliyowahi kugawa viwanja bure ili ipate wakazi, lakini hivyo ni viwanja vya nyumba. Ng'ombe hutamfuga hapo.

"Maji si tatizo, nitachimba kisima." Hapa ndipo fedha za watu zinapozama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dhana hii ina mababu. Katika miaka ya 1870 na 1880 walowezi walioelekea magharibi waliaminishwa kwamba mvua hulifuata jembe: lima tu, mawingu yatakuja. John Wesley Powell, mwanajiolojia aliyeipeleleza magharibi hiyo, aliandika mwaka 1878 kwamba panapopata chini ya inchi 20 za mvua kwa mwaka, yaani kama milimita 500, kilimo bila umwagiliaji hakitegemeki, na kwamba mpaka wa ukame huo uko karibu na longitudo ya 100 magharibi. Hakusikilizwa sana. Nyanda zikalimwa, ukame ukaja, na tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi likageuza mchana kuwa usiku huko Oklahoma na Texas.

Sasa rudi Costilla. Bonde la San Luis, ambamo kaunti hiyo imo, liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake hupata chini ya milimita 250 kwa mwaka. Chukua paa la mita za mraba 100. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mwaka mzima paa hilo linakupa lita 25,000 kwenye karatasi. Gawa kwa siku 365: hazifiki lita 70 kwa siku. Kunywa, kupika, kuoga, kufua, halafu mbuzi nao wana kiu. Na hapo hatujatoa theluji iliyopeperushwa na upepo kabla haijayeyuka.

Tena hata hayo ya paa yana sheria. Colorado, kama majimbo mengi ya magharibi, hufuata kanuni kwamba aliyeanza kuyatumia maji ndiye mwenye haki ya kwanza, hata kama yanapita mlangoni pako. Mwaka 2016 ndipo nyumba za kawaida ziliporuhusiwa mapipa mawili yasiyozidi galoni 110 kwa jumla. Wa shambani wasiofikiwa na bomba wana utaratibu wao wa kibali. Vibali vya kisima navyo vina ngazi zake. Mwenye ekari 35 na kuendelea kwa kawaida hupata kibali cha matumizi ya nyumbani, mifugo yake na bustani isiyozidi ekari moja. Mwenye ekari tano mara nyingi huruhusiwa maji ya ndani ya nyumba tu. Soma tena: ndani ya nyumba. Mche wa nyanya uko nje. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ekari, uliza kibali cha kisima kwenye kiwanja hichohicho kinasemaje, na visima vya majirani vina kina gani.

"Ramani ya kanda za mimea inasema panafaa." Ramani hiyo, iliyosahihishwa mara ya mwisho mwaka 2023, inaonyesha kitu kimoja: wastani wa usiku wa baridi kali kuliko wote katika mwaka. Haisemi neno kuhusu mvua, udongo wala urefu wa msimu. Seattle yenye manyunyu na Tucson ya jangwani zote zimo kanda ya 9. Kwa udongo kuna ramani za bure za Wizara ya Kilimo, unachora mipaka ya kiwanja chako na kusoma kilichomo. Baada ya hapo nenda na sepeto. Shimo la kina cha goti hukwambia mengi kuliko picha.

"Nikinunua, ni yangu mpaka chini kabisa." Si lazima. Sheria ya 1916 iligawa ekari 640 kwa wafugaji, lakini madini yakabaki mali ya serikali. Kwingine mwenye ardhi wa zamani aliuza juu akabakiza chini. Haya yapo kwenye masjala ya kaunti, na kuyafukua ni kazi ya siku nzima.

"Kaunti isiyo na masharti ndiyo bora." Uhuru ni wa wote. Kaunti za Texas kwa kawaida hazina mamlaka ya kumpangia mtu matumizi ya shamba lake kama miji inavyofanya, kwa hiyo hata jirani yako anaweza kuleta kile ambacho pua yako haitakipenda. Na panapoonekana hapana masharti, maji taka huwa nayo: Colorado inataka kibali. Halafu kuna ng'ombe. Huko Colorado, asiyetaka ng'ombe wa mwenzake ale mboga zake ndiye hujenga uzio, si mwenye ng'ombe.

Barabara iliyochorwa kwenye ramani nayo inaweza kuwa mstari tu, haijawahi kuchongwa, au kaunti haiitunzi. Nenda mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiyeyuka na tope likifika kwenye ekseli, umtafute dereva wa basi la shule umuulize huwa anageuzia wapi.