Ubongo unavyojua ulipo na unakoelekea

Panya akiwekwa ndani ya pipa la duara lenye kadi moja nyeupe ukutani, seli fulani za neva katika ubongo wake hugawana pande. Hii hutoa mapigo ya umeme kwa wingi kichwa kikielekea kwenye kadi, ile kikigeukia kushoto. Kadi ikisogezwa robo duara, zote huhama nayo. Mtafiti James Ranck alizitambua seli hizi huko New York mwaka 1984, na kwa kweli ni dira iliyomo kichwani.

Hata gizani dira hiyo hainyamazi, kwa sababu hutegemea pia sikio. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kidogo na kupinda vinyweleo vidogo mno, na ubongo hupata habari kuwa umegeuka upande gani, kwa kasi gani.

Kuna jaribio moja la Ujerumani linaloonyesha jambo hili waziwazi. Mama wa panya wa jangwani, akimpata mtoto wake aliyepotea gizani, humbeba moja kwa moja hadi kiotani. Lakini sakafu ikizungushwa taratibu mno, sikio lisihisi, hukikosa kiota kwa pembe ileile iliyozungushwa. Ndiyo maana ubongo hauachi kutafuta alama za nje: mti, mnara, kona ya ukuta. Bila hizo, makosa madogo hulimbikizana.

Mahali penyewe hutambuliwa na seli za hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, alizozigundua John O'Keefe jijini London mwaka 1971. Mwaka 2005, May-Britt na Edvard Moser wa Trondheim, Norwei, walieleza seli nyingine jirani, katika gamba la entorinali, yaani tabaka la ubongo lililo kando ya hipokampasi, ambazo hupima eneo zima kwa mpangilio wa pembetatu zilizo sawa. Watatu hao walitunukiwa Nobel mwaka 2014.

Gamba hilo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuharibiwa na maradhi ya Alzheimer, yanayopoteza kumbukumbu polepole. Kwa hiyo mzee akianza kupotea njia ya sokoni au msikitini aliyoizoea miaka nenda miaka rudi, tafadhali msiseme ni uzee tu. Mpelekeni hospitali mapema. Wakati mwingine chanzo ni upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo, na hayo yana tiba.