Hxaro: mkufu ambao haukai kwa mtu mmoja

Chukua kipande cha ganda la yai la mbuni, kidogo kama ukucha. Kitoboe katikati. Kitunge pamoja na vingine kwenye uzi wa ukano, kisha visugue vyote kwenye jiwe lenye mfuo mpaka kingo zilingane. Mkufu mmoja hula mamia ya vipande hivyo. Ndivyo Wasan wa jamii ya Ju/'hoansi, katika jangwa la Kalahari mpakani mwa Botswana na Namibia, wanavyotengeneza shanga.

Hxaro ni desturi yao ya kupeana vitu kama hivyo. Si biashara, wala si nipe nikupe. Nikikupa mkufu leo, sitarajii chochote leo. Utanipa kitu chako baada ya miezi, pengine mwaka au zaidi. Na mkufu wangu hutakaa nao daima; utampa mwenzako mwingine wa hxaro, naye atampa wake. Mkufu unaondoka, udugu unabaki.

Udugu huo una kazi. Kalahari mvua haina usawa: huku imenyesha, kule pamekauka. Kukikauka kwako, unaweza kwenda kwa mwenzako wa hxaro, hata kama yuko kilomita 200, ukakaa naye na kula vya eneo lake. Mwanaanthropolojia Polly Wiessner aliyaona haya katika kijiji cha /Xai/xai, Botswana, mwaka 1974. Chakula kilipokuwa haba, watu walishika shanga na kutunga kwa bidii, huku jioni wakiwataja jamaa zao walio mbali. Baadaye karibu nusu yao wakafunga safari. Mgeni angeshangaa kuona wenye njaa wakihangaika na mapambo, kumbe walikuwa wakijitafutia pa kula.

Shanga zenyewe ni za kale mno. Kwenye pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha nchini Kenya, zimepatikana za miaka 40,000 hivi. Katika milima ya Lesotho, utafiti wa mwaka 2020 ulipima kemia ya maganda ukakuta baadhi ya shanga zilitoka zaidi ya kilomita 300. Jina hxaro ni la Ju/'hoansi na sitalibandika kwa watu wa zamani hizo, ila shanga zao nazo zilisafiri.