Eti "si ugugo tu": dhana potofu za kutafuta vitu vigumu mtandaoni

Hapa Dodoma ukishakuwa na simu nzuri na bando la wiki basi ukoo mzima unakufanya afisa habari, na kwetu hiyo kazi ni yangu. Bei ya kiwanja Ihumwa naulizwa mimi, fomu za chuo mimi, mbuzi wa bibi kakohoa mimi. Nikisema sijapata jibu naambiwa "si ugugo tu", yani si utafute tu Google. Sasa wacha nizitaje hizi dhana maana zingine hata mi mwenyewe nilikuwa naziamini, mpaka zilipomla hela mjomba wangu.

Dhana: ukiandika swali unapata jibu

Kwa maswali mepesi ni kweli kabisa. Saa hizi Istanbul ni saa ngapi, mji mkuu wa Peru ni upi, sekunde mbili umemaliza. Maswali magumu hayana hiyo tabia.

Mwezi wa kwanza mjomba kanitumia picha WhatsApp kutoka Hombolo, jani la mzabibu lina uweupe uweupe, alafu voisi: "Anko, hebu nichungulizie huko mtandaoni hiki ni kitu gani." Nikaandika unga mweupe kwenye majani ya zabibu. Yakaja mapishi ya keki, unga wa ngano na zabibu kavu. Nikaongeza neno ugonjwa, nikakutana na ubwiri unga, nikafurahi kweli, nikaligugo hilo neno peke yake na hapo ikaja Mtwara yote, korosho mwanzo mwisho, na kila mtu anasema dawa yake ni salfa. Nikampigia, anko huo ni ubwiri unga, nunua salfa. Akanunua mfuko. Baada ya wiki mbili shamba likawa baya kuliko mwanzo.

Kumbe ubwiri upo wa aina mbili, unga na vinyoya, na kwenye picha unachanganya vizuri tu. Ukiwa na jani mkononi ndo unaona tofauti: ubwiri unga umekaa kama majivu, hata juu ya jani, ukipitisha kidole yanatoka. Ubwiri vinyoya kwa juu unakuta madoa ya njano kama jani limedondokewa mafuta ya kula, ukiligeuza ndo unakutana na manyoya meupe chini. Mjomba alipiga picha upande wa chini, mi nikadhani ni wa juu. Na huo wa vinyoya unapenda majani yaliyoloa, na Januari kwetu ndo mvua zenyewe. Salfa ni dawa ya ubwiri unga, huu mwingine haiuwezi, wenyewe wanaupigia dawa za kopa, yani zenye shaba.

Sasa niambie, ni swali gani moja ningeandika nikapata hayo yote? Hakuna. Ilibidi nijue kwanza kuna aina mbili, alafu nijue jina la kila moja, alafu nirudi kwa mjomba kumwambia geuza jani, ndo nirudi tena mtandaoni. Kuna mama mmoja msomi Marekani, Marcia Bates, aliieleza hii kitu mwaka 1989, kabla hata Google haijazaliwa, akasema kutafuta taarifa ni kama kuchuma vitunda vya porini, unachuma kimoja hapa kimoja pale, na kila unachookota kinaweza kukubadilishia hata hicho unachokitafuta. Akasisitiza kabisa kwamba vitunda hivyo havikai vichala. Sisi huku tumezoea zabibu, unakata kichala kizima unatupia kwenye kreti, labda ndo maana tunataka na Google itutendee hivyo.

Dhana: Google inapekua intaneti nzima pale pale

Haipekui. Ina programu zake zinazozunguka zikisoma kurasa mapema na kuziweka kwenye faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu ila hii ni kubwa ajabu, na wewe ukiandika neno unatafutiwa humo kwenye faharasa. Ukurasa ambao haujaingizwa humo hauji hata ubadilishe maneno mara kumi. Kuna wenye tovuti wanaozizuia hizo programu zisisome, kuna vitu viko nyuma ya nywila, kuna vingine havitoki mpaka ujaze fomu.

Na hapa ndo sisi tunaumia zaidi. Elimu kubwa ya wakulima wetu iko kwenye magrupu ya WhatsApp, tena kwenye voisi za dakika tano zenye kuku wanawika kwa nyuma. Jirani wa mjomba, shamba la pili tu kutoka kwake, alishaupata huo ugonjwa msimu uliopita na alishaueleza vizuri kwenye grupu lao. Google ingeyajulia wapi hayo? Mi natafuta mpaka Ufaransa na jibu liko ng'ambo ya uzio!

Dhana: cha kwanza kwenye orodha ndo sahihi

Cha kwanza kabisa mara nyingi ni tangazo, mtu kalipia, soma kale kaneno kadogo hapo juu. Andika tu bei ya viwanja Dodoma uone madalali wanavyojipanga. Ukiacha matangazo, mpangilio wenyewe tangu Larry Page na Sergey Brin waianzishe Google mwaka 1998 uliegemea sana ukurasa kutajwa na kurasa zingine kwa viungo, na saivi vigezo ni vingi mno, ila hakuna hata kimoja kinachoenda shambani kuhakiki kama maneno ni ya kweli.

Tena ukurasa unaweza kuwa wa kweli ila si wako. Nilipata mmoja mzuri sana wa kilimo cha mizabibu, umeandikwa kitaalamu, ratiba ya kupuliza dawa inaanza baridi ikiisha mizabibu ikiamka. Yetu inaamka saa ngapi sasa, wakati Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka?

Dhana: matokeo milioni tatu, maana yake taarifa zimejaa

Hiyo namba ya matokeo ni makadirio tu ya Google. Jaribu kusogea kurasa za mbele uone kama utafika hata elfu.

Dhana: tafuta kwa Kiingereza, Kiswahili hakina kitu

Inategemea unatafuta nini bana. Ugonjwa wenyewe niliupata vizuri baada ya kuandika downy mildew, ndo ubwiri vinyoya kwa Kiingereza, siwezi kudanganya. Ila bei za sokoni, matangazo ya halmashauri, miongozo ya serikali, hivyo andika Kiswahili na mwisho weka site:go.tz ili zije tovuti za serikali tu. Ukitaka nyaraka ongeza filetype:pdf. Maneno mawili yanayoenda pamoja yafunge kwenye alama za kunukuu, "ubwiri vinyoya" hivyo, na neno linalokusumbua liondoe kwa kulibandikia alama ya kutoa mbele bila kuacha nafasi: zabibu -keki. Ningeijua hiyo mapema nisingesoma mapishi siku ile.

Dhana: akili mnemba (AI) imeshamaliza hii shida

Imepunguza, haijamaliza. Mi naitumia sana kupata neno, yani namweleza kitu kwa maneno ya kijijini anipe jina wanalotumia wataalamu, alafu neno hilo naenda kulitafuta mwenyewe. Ila jibu lenyewe silichukui likiwa bichi, maana huwa inatunga, na inatunga kwa kujiamini kama dalali. Ukimpa picha ya chini ya jani bila kumwambia ni chini, naye anaweza kukosea kama nilivyokosea mimi.

Ule mfuko wa salfa bado upo stoo Hombolo, umefunguliwa mara moja tu. Kila nikienda, nikishamwamkia mjomba, kabla sijakaa ananiuliza kama Google yangu inarudisha hela.