Usiulize nani mkubwa, uliza nani anaweza kumkatalia

Watu wa Tanga wananijua kwa kesi za ardhi na mirathi, lakini swali ninaloulizwa zaidi halihusu hayo. Nauliziwa barazani Ngamiani, nauliziwa hata msibani: wakili, hebu tuambie, kati ya Meya, Mkurugenzi wa Jiji na Mkuu wa Wilaya, nani mkubwa? Wanaomtaja Meya husema ndiye kiongozi wa madiwani waliopigiwa kura. Wanaomtaja Mkuu wa Wilaya husema ndiye mwenye kamati ya ulinzi na usalama. Na anayetaka kuumaliza ubishi husema mkubwa ni Mkurugenzi, maana kalamu ya fedha anayo yeye.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katiba za kidemokrasia huwaweka zizi moja kwa makusudi, kisha zikahakikisha hakuna anayekula peke yake. Kwa hiyo swali la ukubwa halina jibu la maana. Lenye jibu ni hili: huyu akiamua vibaya, nani ana mamlaka ya kumkatalia, na kwa njia gani?

Tuchukue ushuru anaotozwa mwenye kizimba pale soko la Mgandini. Ile risiti ndogo inayotoka kwenye mashine ya mkusanya ushuru imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Chimbuko lake ni Ibara ya 138 ya Katiba, inayosema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Bunge likaziazima halmashauri sehemu ya uwezo huo kupitia Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mtu akiazimwa kitu, anakitumia kwa masharti ya mwenyewe, na masharti ya hapa ni mengi.

Wataalamu wa halmashauri ndio wanaoanza kwa kupendekeza kiwango. Halmashauri inatakiwa itangaze kusudio lake ili wananchi watoe maoni na pingamizi. Kisha rasimu ya sheria ndogo, yaani sheria inayotungwa na halmashauri yenyewe, inaingia Baraza la Madiwani, na hapo wasomaji wengi hushangaa nikiwaambia kwamba Mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais, anakaa kama katibu wa kikao na hana kura. Mbunge wa jimbo, ambaye watu humdhania wa Dodoma tu, ni mjumbe halali wa baraza hilo na kura anayo. Madiwani wakishapitisha, bado haijawa sheria. Inapanda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Akiridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Na hata baada ya kuchapishwa, Bunge lina Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo ambayo kazi yake ni kuzikagua sheria za namna hii, isije ikawa kilichoazimwa kimegeuzwa mali ya aliyeazima. Pakibaki mgogoro, Mahakama Kuu inaweza kuibatilisha sheria ndogo iliyovuka mipaka ya sheria mama, ile ya Bunge iliyoiazima halmashauri uwezo.

Katika safari hiyo amepita diwani, mteule wa Rais, waziri, Bunge na jaji. Diwani anakijua kizimba chenyewe na mwenye kizimba. Waziri anatazama halmashauri za nchi nzima, asiruhusu moja itoze kinachokatazwa kwingine. Jaji hatazami kura wala sherehe, anatazama maandishi. Huo ndio mgawanyo wa madaraka ninaoujua mimi kazini, na ndiyo maana naumia kuona shuleni watoto wanakaririshwa mihimili mitatu kama majina ya miezi, wakati mihimili hiyo yote imo ndani ya risiti ya mama yao.

Huko juu mambo yana sura nyingine. Ibara ya 4 ya Katiba yetu inataja mamlaka ya utendaji, ya kutunga sheria na ya utoaji haki, na kila moja ina vyombo viwili, kwa sababu ya Zanzibar. (Ndugu zetu wa Pemba wanaovuka kuja Tanga wanaishi chini ya Baraza la Wawakilishi kwa mambo yasiyo ya Muungano, na chini ya Bunge kwa yaliyo ya Muungano.) Lakini mawaziri wetu, kwa Ibara ya 55, wanatoka miongoni mwa wabunge, kama ilivyo Uingereza. Marekani hilo haliwezekani: ukiwa mbunge wa Kongresi na ukateuliwa waziri, kiti cha Kongresi unakiacha. Kwa maoni yangu hapa ndipo ukuta wetu ulipo mwembamba kuliko pote. Mbunge anayetumaini kuitwa uwaziri kesho atambana vipi waziri wa leo?

Sehemu ya Katiba ninayoipenda, na ambayo sisikii ikitajwa redioni, inahusu bajeti. Kule Marekani Kongresi na Rais wakishindwa kukubaliana kuhusu fedha, ofisi zinafungwa, kama ilivyotokea kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019. Kwetu, Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Ukiishia hapo utasema Rais ameshikilia mpini na Bunge limeshika makali. Sasa rudi nyuma usome Ibara ya 38: Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, na uchaguzi wa Rais unafanyika. Yaani anayewarudisha wabunge kwa wananchi anarudi nao. Kila mmoja anaweza kumkatalia mwenzake, na kila mmoja hulipia kukataa kwake. Waliokiandika kifungu hicho walijua wanachokifanya, na ningetamani kingesomwa kwa sauti kila mkutano wa bajeti unapoanza.

Madaraka hugawanywa pia kutoka juu kwenda chini, na huko historia yetu ina kovu. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za kuchaguliwa zikafutwa, maofisa wa Serikali Kuu wakachukua kazi zake. Za miji zilirejeshwa 1978, nyingine kwa sheria za 1982, na mwaka 1984 Ibara ya 145 na 146 zikaingizwa kwenye Katiba ili serikali za mitaa zisitegemee tena sheria za kawaida peke yake. Hata hivyo Katiba inasema vyombo hivyo viwepo, bila kusema vipate fedha kiasi gani. Vuka mpaka pale Horohoro uingie Kaunti ya Kwale, uone tofauti. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, kaunti 47 zinagawiwa kwa pamoja fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na gavana amechaguliwa na watu wa kaunti yake, Rais hawezi kuamka asubuhi akamtengua. Magavana wabovu wapo. Ila mwenye uwezo wa kuwaondoa ni bunge la kaunti pamoja na Seneti, au mpiga kura mwenyewe.

Kuna kalamu nyingine inayogawa madaraka bila kelele, ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 143 inamtaka apeleke taarifa kwa Rais, na Rais aifikishe bungeni, ambako kamati ya hesabu za serikali za mitaa huwaita wakurugenzi wajieleze. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa na wadhifa huo, na mwezi Novemba akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Hukumu ilikuja miaka mitatu baadaye, kiti kikiwa kimeshakaliwa na mwingine. Nasema hivi kwa uchungu: katazo linalochelewa kiasi hicho limebaki kuwa kumbukumbu kuliko kinga.

Na sasa saa 48, maana najua mtaniuliza. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Uwezo huo ni wa kuzuia uvunjifu wa amani pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuuzuia, na sababu lazima ziandikwe. Saa hizo zikiisha bila mtu kufikishwa mahakamani, aachiwe. Haukuwekwa kwa ajili ya mdaiwa, wala mtendaji aliyechelewa kikao, wala mwananchi aliyejibu kwa ukali mkutanoni. Kuadhibu ni kazi ya hakimu. Kiongozi wa utendaji akiutumia kama adhabu, amevaa joho lisilo lake, na mimi naona kifungu chenyewe kingefutwa.

Narudi kwa mwenye kizimba, kwa sababu haki ya kukataa ina bei. Tangu marekebisho ya 2020, kuifungulia halmashauri kesi ya madai kunahitaji notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kwenda Mahakama Kuu. Mahakama Kuu tunayo hapa hapa Tanga, tushukuru, lakini gharama za wakili na siku za kufunga biashara ni zake mwenyewe, kwa ushuru ambao pengine haufiki bei ya samaki mmoja. Wengi hulipa wakanyamaza.

Ndiyo maana nawashauri wateja wangu waikamate sheria ndogo ikiwa bado rasimu. Mnapoona tangazo la kusudio kwenye ubao wa ofisi ya kata, lipigeni picha. Andikeni barua fupi ikitaja jina la rasimu, kifungu mnachokipinga, kiwango kilichopendekezwa na kiwango mnachoweza kukilipa, na mseme kwa nini. Wasaini wenye vizimba wengi kadiri iwezekanavyo. Nakala moja ipelekeni kwa Mkurugenzi, nyingine kwa diwani wenu, na kila nakala mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku ya Baraza la Madiwani nendeni mkakae. Vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi, na diwani aliyewaona ukumbini hujipanga vingine anapoinuka kuchangia. Na kama ushuru umeshaanza kutozwa, mwombeni mkusanyaji namba ya Tangazo la Serikali. Akikosa kuitaja, iulizeni kwa maandishi ofisini kwa mwanasheria wa halmashauri. Bila namba hiyo hata mimi sina pa kuanzia.